Nani anakunywa betri ya Baba?

Tatizo lenyewe ni hili. Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, iliyoingia nchini mwaka 2005, imemaliza betri tatu katika miaka miwili. Ukiendesha gari hilo kila siku halina neno. Ukiliacha uani siku tatu, siku ya nne stata inalia ka-ka-ka, halafu kimya. Ni gari la Baba, na linalala nyumbani kwetu Wang'uru (wenyeji wengi tunapaita Ngurubani, kwa hiyo usishangae kondakta mmoja akitaja majina yote mawili kabla ya kufika steji).

Najua wengi wenu huja hapa kusoma mambo ya programu. Vumilieni, tutafika huko, na kwa njia ambayo mimi mwenyewe sikuitarajia.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili lilinikalia moyoni. Gari hilo halina kazi nyingi. Jumapili kanisani, siku za kliniki kumpeleka Mama Kerugoya kwa ajili ya presha, na wakati wa mavuno kubeba gunia moja moja la pishori la kuwapelekea jamaa. Lakini kliniki haingoji mtu asukume gari. Mara mbili Mama alikosa siku yake, mara ya tatu akaenda kwa bodaboda, mwanamke wa miaka 63, kwenye vumbi.

Pili, kulikuwa na ugomvi. Betri zote tatu Baba alizinunua kwa kijana mmoja hapa mjini, anayeuza betri, kuzichaji na kuziongeza maji. Ya kwanza ilipokufa ndani ya dhamana, kijana akaibadilisha bila neno. Ya pili ilipokufa akampunguzia bei ya nyingine. Ya tatu ilipolegea akasema, "Mzee, sasa tatizo liko kwa gari." Baba hakupenda jibu hilo. Akaamua kwamba kijana anauza betri kuukuu zilizooshwa na kubandikwa karatasi mpya, na hakuliweka wazo hilo moyoni mwake. Mji huu ni mdogo. Mkulima wa skimu mwenye ekari zake nne, anayejulikana na kila mtu kuanzia kinuni hadi kanisani, akisema fulani ni mwizi, wateja wa fulani wanapungua.

Mimi kazini hutunza mfumo wa malipo, huko Nairobi. Kila wiki kuna mtu anayelaumiwa kwa pesa zilizopotea, na karibu kila wiki logi inaonyesha mwingine kabisa. Kwa hiyo nilipofika nyumbani Desemba 2024 na kusikia neno "mwizi" mezani, nikauliza swali ninalouliza kila mara: tumepima nini?

Hakuna kilichokuwa kimepimwa. Fundi mmoja wa umeme wa magari alikuwa ameliangalia gari kwa taa ya kupimia. Aliifunga kati ya betri na waya wa hasi, akang'oa fyuzi moja baada ya nyingine akingoja taa izimike. Taa iliwaka kidogo, ikafifia, ikawaka, ikafifia. Akasema dayodi za alteneta zimechoka. Alteneta ikabadilishwa. Betri ikaendelea kufa.

Haya, tuanze mwanzo.

Swali la kwanza halihusu gari. Je, betri inaweza kujitunza ikiwa peke yake? Niliipeleka ikachajiwe mpaka ijae (kwa fundi mwingine, ili Baba asije akasema nimehongwa), nikaiacha juu ya ubao sebuleni, haijaungwa na kitu chochote. Jumatano jioni ilisoma volti 12.6. Jumamosi asubuhi ilisoma 12.6, na ukitaka kubishana na desimali ya pili, ilishuka kwa volti 0.03. Betri ya risasi na asidi ikiwa imejaa husoma kama 12.6, ikibaki nusu ni kama 12.2, na ikishuka chini ya 12 imekwisha kwa mahitaji ya stata. Basi betri haikuwa inajimaliza yenyewe. Nikairudisha garini Jumapili jioni, milango ikafungwa, funguo nikazitia mfukoni. Jumatano asubuhi: 11.8.

Kuna kitu ndani ya gari kilikuwa kinakunywa.

Gari lililozimwa huwa halijazimika kabisa. Saa inaendelea kwenda, redio inakumbuka stesheni, kompyuta ya injini inakumbuka iliyojifunza. Kwa gari la umri huu vyote pamoja huvuta kama miliampea 20 hadi 50. Betri ya Baba ni ya ampea-saa 45, kwa hiyo kwa miliampea 50 ingechukua siku 37 kwisha kabisa. Ikiisha kwa siku tatu, hesabu inasema kinachovuta ni kikubwa kuliko hapo mara nyingi.

Kupima mkondo si sawa na kupima volti, na hapa ndipo mita nyingi za bei nafuu huungua. Volti unagusisha ncha mbili na kusoma. Mkondo ni lazima upite ndani ya mita yenyewe. Unafungua waya wa hasi kwenye betri, unaweka mita katikati kama daraja, waya mwekundu ukiwa kwenye tundu la ampea 10 na si lile la miliampea. Halafu humruhusu mtu yeyote kugusa funguo, kwa sababu stata inavuta zaidi ya ampea 100 na mita yako itageuka kuwa fyuzi. Milango nayo ifungwe. Kwenye Corolla hii kuna kitufe cha mpira kwenye fremu ya kila mlango. Nilikibana kwa mkanda ili gari liamini mlango umefungwa huku mimi nikiwa na njia ya kuingiza mkono. Waya wa kufungulia boneti hauna umeme, kwa hiyo boneti inaweza kukaa wazi.

Mita ikasoma 0.14. Kisha 0.14. Kisha 0.52, 0.47, 0.55. Kisha 0.14 tena.

Nilikaa kwenye ndoo nikitazama namba hizo zikicheza, mbu wa mfereji wakinifanyia karamu, na nikaelewa kilichomshinda yule fundi wa taa. Ukitoa fyuzi wakati mkondo umeshuka wenyewe, utadhani fyuzi hiyo ndiyo yenye hatia. Ukitoa ile yenye hatia wakati mkondo uko chini, tofauti haionekani vizuri kwenye mwanga wa balbu. Ni kama kutafuta hitilafu kwenye seva inayokwama mara moja kwa dakika kwa kuangalia skrini mara moja kwa saa.

Nikaegemeza simu kwenye chupa na kuirekodi mita kwa dakika 10. Baadaye nikakaa mezani, nikasimamisha video kila baada ya sekunde 5 na kuandika namba. Vipimo 120. Mama alipita akauliza kama hiyo ndiyo kazi niliyosomea. (Kwa kiasi kikubwa, ndiyo.) Wastani ulikuwa ampea 0.31. Kwa siku moja ni ampea-saa 7.4. Betri mpya iliyojaa inafika nusu siku ya tatu. Betri iliyokwisha kuumizwa haifiki hata hapo, na safari ya kwenda kanisani na kurudi hairudishi kilichonywewa wiki nzima.

Lakini wastani haukuwa jambo la kufurahisha zaidi kwenye karatasi ile. Jambo la kufurahisha lilikuwa mpigo. Mkondo ulipanda, ukakaa juu kwa sekunde kadhaa, ukashuka, na baada ya sekunde 38 ukapanda tena. Thelathini na nane, thelathini na tisa, thelathini na nane. Taa ya buti iliyosahaulika haifanyi hivyo. Inavuta vilevile usiku kucha. Dayodi mbovu haifanyi hivyo. Waya uliochubuka na kugusa bodi haufanyi hivyo. Kitu kinachojaribu, kinashindwa, kinangoja, kinajaribu tena, kwa muda uleule kila mara... hicho nakijua. Nimewahi kukiandika, na wewe pia. Hiyo ni programu.

Sasa, gari la mwaka 1998 lina kompyuta, lakini halina kitu cha kujaribu kila sekunde 38 huku likiwa limezimwa. Kwa hiyo kilichokuwa humo hakikutoka Japani na gari. Kiliongezwa hapa.

Mshukiwa wa kwanza katika gari lolote la Kijapani nchini ni kile kisanduku cha redio. Redio za Japani za wakati ule zilishika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90 tu, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo hadi 108, kwa hiyo magari mengi yalifungiwa kisanduku cha kuteremsha mawimbi ili redio iyapate. Mafundi wengi walikiunga kwenye waya wa umeme wa kudumu kwa sababu ulikuwa karibu. Cha Baba kilikuwa hivyo hivyo. Nilikichomoa. Mkondo ukashuka kwa miliampea 30 na ukaendelea kupiga ngoma yake ya sekunde 38. Si yeye, ingawa sikumrudisha kwenye waya uleule.

Hapo nikawasha redio, si kwa akili nyingi, ni kwa kuchoka tu. Na redio ikanipa jibu. Katikati ya matangazo ikasikika tri-ti-ti, tri-ti-ti, trrrrr. Waliokuwa na simu miaka ya 2000 wanaijua sauti hiyo: ile iliyotoka kwenye spika za kompyuta sekunde moja kabla ya simu kulia. Simu ya 2G haitumi mawimbi mfululizo, inatuma kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na waya wowote wa spika ulio karibu hukibadilisha kipigo hicho kuwa mngurumo. Simu yangu ilikuwa ndani ya nyumba. Ya Baba ilikuwa Kutus pamoja na Baba. Mama akasema, bila kushangaa, "Redio hiyo imekuwa ikikwaruza hivyo kila siku." Nikahesabu kwa saa ya mkononi. Sekunde 38.

Kulikuwa na simu ndani ya gari, na haikuwa ya mtu yeyote wa nyumba ile.

Kuipata kulibaki kuwa kazi ya mikono. Sikung'oa fyuzi. Kuna njia nzuri zaidi na natamani kila fundi angeijua: fyuzi ni kipande cha chuma chenye ukinzani mdogo sana, kwa hiyo mkondo ukipita ndani yake unaacha tofauti ndogo ya volti kati ya miguu yake. Juu ya kila fyuzi bapa kuna vitobo viwili vinavyoonyesha chuma. Unaweka mita kwenye milivolti, unagusa vitobo hivyo, na unasoma bila kukata umeme wala kumwamsha au kumlaza yeyote. Fyuzi zote zilisoma sifuri kamili isipokuwa chache zenye 0.1. Ile iliyoandikwa DOME, ya ampea 15, ilipanda hadi milivolti 2.4 na kushuka kwa mpigo ninaoujua. Fyuzi ya ampea 15 ina ukinzani wa kama milioomu 5. Gawanya, unapata karibu nusu ampea. Ni yeye.

Fyuzi hiyo inalisha taa ya ndani, saa na kumbukumbu ya redio. Nikaufuata waya wake nyuma ya dashibodi, kichwa kikiwa chini ya usukani na miguu nje mlangoni, mpaka nikafika mahali ambapo utepe mweusi ulikuwa mpya kuliko waya wenyewe. Kutoka hapo nyaya mbili nyembamba zilipanda juu ya feni ya hewa, nyuma ya kisanduku cha glavu. Mwisho wake kulikuwa na kisanduku cheusi kidogo kuliko pakiti ya sigara, kimefungwa kwa vibanio vya plastiki, cha moto ukikigusa. Traka.

Niliikata, mkondo ukaanguka hadi miliampea 21 na kutulia hapo. Kwa kiwango hicho betri iliyojaa inaweza kukaa zaidi ya miezi miwili kabla ya kushindwa. Nikaweka kisanduku mezani pa chakula, juu ya gazeti, nikamngoja Baba.

Baba huniita "mama" kwa sababu nimepewa jina la mamake. Aliingia, akavua kofia, akakitazama kisanduku kwa muda kuliko mtu asiyekijua.

"Mama, hicho umekitoa wapi?"

Nikamwambia.

"Hicho ni cha wale wa mkopo."

Mwaka 2018 Baba alichukua mkopo kwa dhamana ya logibuku ya gari. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nikisoma sayansi ya kompyuta. Mvua ya mwaka huo iliharibu vitu vingi, karo ilikuwa na deni, na mimi nilikuwa nimeomba kompyuta ya mkononi kwa sababu foleni ya maabara ilikuwa haiishi. Kompyuta ilikuja. Niliambiwa mchele uliuzwa vizuri. Kampuni iliweka jina lake kwenye logibuku pamoja na la Baba, ikafunga kisanduku garini ili ijue gari liko wapi siku akishindwa kulipa, na riba ikahesabiwa kwa mwezi. Alimaliza kulipa mwaka 2020. Alipewa logibuku yake na barua. Kuhusu kisanduku hakuna aliyesema kitu, na yeye hakuuliza, maana kuuliza kungemlazimu kulipeleka gari kufunguliwa, na Mama angetaka kujua linafunguliwa nini.

Mama alikuwa jikoni. Nyumba yetu si kubwa. Alisikia yote, akaleta chai, akaweka vikombe vitatu, na hakuzungumza na Baba mpaka kesho yake jioni. Hayo ni yao. Mimi nilienda nje nikafunga dashibodi, na skrubu mbili zikanishinda kuziona vizuri.

Upande wa kijana wa betri ulikuwa rahisi zaidi kueleza, na nilimweleza Baba kwa karatasi yenye vipimo 120. Betri ya kuwashia gari imeundwa kutoa mkondo mwingi kwa sekunde chache na kujazwa tena mara moja. Ukiimaliza kabisa na kuiacha hivyo kwa siku kadhaa, salfeti ya risasi kwenye sahani zake inaganda kuwa fuwele ngumu ambazo chaja haiziyeyushi tena. Kila mara inapotokea hivyo inapoteza sehemu ya ukubwa wake. Betri tatu ziliuzwa zikiwa nzima na zikauawa hapa uani, moja baada ya nyingine. Ile ya sasa pia ilikuwa imekwisha kupoteza nyingi. Ilihitajika ya nne.

Baba alisoma karatasi, miwani puani. Jumamosi aliniambia tuandamane mjini. Alipita maduka mawili ya vipuri kwenye barabara ya Embu bila kugeuza kichwa. Kijana alipotuona alisimama na kufuta mikono, uso umekaza.

"Karibu, mzee."

"Nipe ile ya 45," Baba akasema. "Na huyu binti yangu akuonyeshe alichokipata. Mimi nilisema maneno hapa mjini ambayo hayakuwa ya kweli."

Hapakuwa na kupatana bei. Kijana aliangalia picha ya traka kwenye simu yangu, akaikuza kwa vidole viwili, akaniuliza, "Dada, waya ilitoka fyuzi gani?" Nilipomwambia DOME akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema ana wateja wengine wawili wenye malalamiko yaleyale, na wote waliwahi kukopa kwa logibuku. Mmoja ana matatu. Tulikubaliana nimwachie maelezo ya kupima milivolti kwenye fyuzi, na nikamwandikia kwenye kipande cha katoni ya betri.

Kisanduku nilirudi nacho Nairobi. Kina vinundu vitatu vya soda kwenye bodi yake, na anayejua anachotafuta atatambua kwamba ni mlango wa kusemea na kompyuta. Nilikipa umeme kutoka kwenye chaja ya maabara, nikaunga nyaya, na maandishi yakaanza kumiminika. Programu inaiuliza modemu AT+CREG? na modemu inajibu 0,3. Tatu maana yake mtandao umekataa kuisajili: laini iliyo ndani ilifungwa zamani. Simu ya kawaida ikikataliwa hivyo hunyamaza mpaka izimwe na kuwashwa. Mwandishi wa programu hii naona aliliwazia hilo, kwa hiyo programu inaizima modemu na kuiwasha yenyewe, inapiga kelele kutafuta mnara, inakataliwa, inangoja, inaanza upya. Haina kikomo cha majaribio wala haiongezi muda wa kungoja. Kwa mpigo wa sekunde 38 ni mara 2,273 kwa siku. Na zile miliampea za chini, kati ya mpigo na mpigo, nyingi zilikuwa za betri yake ndogo ya akiba ya lithiamu, iliyokufa na kuvimba kama mandazi huku saketi ikiendelea kujaribu kuijaza.

Hiyo ya lithiamu nimeitoa na kuiweka kwenye mkebe wenye mchanga mkavu, nje kwenye veranda, mpaka nipate pa kuipeleka. Laini bado imo ndani ya kisanduku. Nyuma yake kuna namba ndefu iliyofifia na alama ya kalamu ya wino, tarehe ya mwezi wa tano 2018.